Kanzu ya Mzee Ibrahimu na Viti vya Leonadi

Alhamisi asubuhi Genoveva alitoka kuoga. Alitaka kujipaka mafuta ya nazi. Chupa haikuwapo.

"Baba Rosa! Mafuta yangu yako wapi?"

Mumewe, Leonadi, alikuwa nje, ameinama ndani ya gari lake. Mikono yake iling'aa mpaka viwikoni.

"Njoo uone! Viti vimekuwa vipya."

Leonadi ni dereva wa teksi hapa Mingoyo. Viti vya gari lake ni vya ngozi. Milango na dashibodi ni ngozi bandia. Jua lilikuwa limevikausha viti, vikaanza kupasuka. Na Jumamosi, siku ya harusi, gari hilo lilikuwa limpeleke Naima, binti wa jirani yao Mzee Ibrahimu, kwa mumewe huko Sudi. Naima mwenyewe alisema, "Nitatoka nyumbani kwa gari la Kaka Leonadi, si jingine." Tangu siku hiyo Leonadi alitembea kifua mbele.

"Mwili ukikauka tunapaka mafuta," alimwambia mkewe. "Hii nayo si ngozi?"

"Haya, fundi," alisema Genoveva, akaenda kuomba mafuta kwa jirani.

Msimcheke Leonadi. Wengi tumefanya hivyo, na mimi ninayeandika nimo.

Ijumaa Leonadi alimpeleka Mzee Ibrahimu msikitini. Alasiri mzee alikuja kubisha hodi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee aligeuka tu. Mgongoni mwa kanzu yake nyeupe palikuwa na baka kubwa la mafuta na vumbi.

"Yesu wangu!" alisema Genoveva.

"Kanzu itafuliwa," alisema mzee. "Lakini gauni la Naima ni jeupe pia. Nitatafuta gari jingine, mwanangu."

"Baba, naomba unipe mpaka kesho asubuhi," alisema Leonadi.

"Nitakuja mwenyewe," alisema mzee, akaondoka.

Leonadi alikaa barazani. Aliona aibu kweli.

"Aibu haioshi viti," alisema Genoveva. "Inuka. Twende kwa Emerensiana."

Emerensiana ni fundi wa kushona viti vya magari. Karakana yake iko njia panda. Alifungua mlango wa gari, akanusa.

"Leonadi, umepika wali humu?"

Genoveva alicheka mpaka akashika kiuno. Leonadi hakucheka.

"Nilitaka ngozi ilainike, dada."

"Mafuta ya jikoni mengi yake hubaki juu yakakamata vumbi. Baadaye huchacha. Na ngozi bandia hainywi mafuta kabisa. Utapaka mpaka kesho, itateleza tu."

"Basi nioshe kwa sabuni ya unga na dodoki?"

"Thubutu! Dodoki litakwaruza. Sabuni ya unga ni kali. Dawa ya kung'arisha nguo na petroli ndiyo usiguse kabisa. Vitakula rangi."

Kwanza Emerensiana alifagia vumbi na makombo kwa brashi laini. Halafu alitia matone machache ya sabuni ya maji kwenye ndoo, akakoroga mpaka povu likatoka.

"Chukua povu tu," alisema. "Ngozi haipendi maji mengi. Anza chini ya kiti, mahali pasipoonekana. Rangi ikitoka kwenye kitambaa, acha."

Rangi haikutoka. Leonadi akasugua taratibu, sehemu ndogo ndogo. Genoveva alifuata nyuma yake, akifuta kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri, kisha kwa kikavu. Kwenye mishono walitumia mswaki laini. Maji ya ndoo yakawa meusi. Wakayamwaga, wakarudia. Walifanya hivyo mara nne kwa jumla.

"Mafuta yaliyoingia ndani hayatatoka yote leo," alisema Emerensiana. "Ya juu ndiyo yanayochafua nguo." Alisugua kiti kwa kitambaa cheupe kikavu. Kikatoka na uchafu kidogo. "Bado. Endelea."

Mara ya tano kitambaa kilitoka cheupe.

"Sasa nipake yale mafuta ya dukani ya viti?"

"Leo usipake kitu. Ngozi imeshiba. Acha madirisha wazi, gari likae kivulini likauke. Baada ya wiki chache, ngozi ikionekana kavu, nunua mafuta maalumu ya ngozi. Paka kidogo sana, kisha futa yanayobaki. Ngozi bandia ina dawa yake ya kuikinga na jua. Lakini usukani na pedeli usipake chochote. Vitateleza, uue watu."

Jumamosi asubuhi Mzee Ibrahimu alifika. Alivaa kanzu mpya ya harusi, nyeupe pe. Genoveva alimkimbilia na kitambaa cheupe.

"Baba, ngoja, tukuonyeshe kwa hiki!"

"Wekeni kitambaa chenu."

Mzee alifungua mlango wa nyuma. Akakaa pale atakapokaa Naima. Akaegemea, akajisugua mgongo huku na huku. Leonadi alishika mlango.

"Baba, hiyo kanzu ni ya harusi," alisema.

"Najua. Kama ni kuchafuka, nichafuke mimi, si mwanangu."

Akashuka, akawageuzia mgongo. "Haya, semeni."

Genoveva alitazama mabegani, akatazama kiunoni. Machozi yalimlengalenga.

"Nyeupe, baba. Nyeupe yote."

Mzee Ibrahimu alimshika Leonadi bega. Kisha akageukia nyumba yake, akaita kwa sauti kubwa:

"Naima! Njoo, mama. Gari la kaka yako liko tayari."