Mifupa Chini ya Chipu

"Laki sita za nini?" nilimfokea mdogo wangu. "Mshahara wako naujua mpaka senti, na leo si mwisho wa mwezi."

"Kaka, punguza sauti. Mtoto anasikia." Akajishika tumbo. Mimba ilikuwa ya miezi sita, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa safarini.

"Asikie! Ajue mapema mama yake anakula nini."

Mimi sikusoma. Ufundi wa redio nimeupata kwa kuungua vidole, na ni mimi niliyemfundisha yeye kulehemu, kabla kiwanda cha vifaa vya elektroniki hakijamweka kwenye eksrei. Chipu kubwa hukalia vidonge vya lehemu ambavyo jicho halivifikii. Kwa hiyo bodi, kile kibao kinachobeba chipu, huingizwa kwenye kabati la eksrei, na vidonge huonekana kwenye skrini kama safu za punje nyeusi. Chenye kiputo cha hewa huonyesha doa jeupe. Viputo vikizidi robo ya kidonge, bodi inakataliwa. Basi.

Bodi arobaini zilikuwa kama sponji. Msimamizi wake, tuliyemwita Bwana Haraka, akamwonyesha njia: fifisha picha mpaka madoa yamezwe na weusi, ihifadhi, gonga muhuri wa kupita, upokee laki sita. Bodi hizo zilikuwa za mashine za kuwapumulisha watoto waliozaliwa kabla ya siku zao.

"Ningekataa, wangempa mwingine," alisema.

"Na huyo mwingine ndiye wewe."

Akanisogelea sikioni. "Kaka, nilipofifisha, kuna kitu nilikiona."

Kwenye bodi ya kwanza, madoa yalipopotea, kilijitokeza kivuli chembamba, kama kipande cha njiti ya kiberiti. Akafungua kabati, akaipangusa bodi. Safi. Bodi ya pili, kivuli kingine. Kufikia ya tano alijua ni kidole. Akaendelea. Zote arobaini.

Picha alikuwa amezichapa. Tulizipanga sakafuni, tukizigeuza huku na huku mpaka zikakubaliana. Mkono wa kushoto. Mbavu kadhaa. Pingili za shingo.

Mifupa midogo mno kuwa ya mtu aliyekwisha kuzaliwa.

Kesho yake nikampeleka kliniki. Mpimaji alipitisha kifaa tumboni, akasimama, akamwita mwenzake. Wakanong'onezana.

"Mama," akasema, "mkono wa kushoto upo. Unacheza. Lakini hauna mfupa."

Na asiniambie mtu habari za mionzi. Lile kabati lina kuta za madini ya risasi, nimelipima kwa mikono yangu. Mionzi haihesabu mpaka arobaini.

Bwana Haraka nilimkaba kwenye maegesho. Alitoa orodha ya hospitali zote zilizopelekewa mashine, na jino moja. Nikaanza kuzunguka. Mashine nyingi zilikuwa bado stoo, kwenye maboksi. Bodi ya kwanza niliyoing'oa, mdogo wangu aliirudisha kwenye eksrei, safari hii kwa mwanga kamili. Viputo vyote vikaonekana. Akagonga muhuri: IMEKATALIWA. Picha ya zamani ya bodi hiyo nilikuwa nimeishika mimi. Kivuli kikafutika karatasini nikikitazama. Wiki hiyo mpimaji akaona kidole kimoja chenye mfupa.

Nilirudisha thelathini na tisa.

Mtoto akazaliwa, msichana. Anakushika kidole kwa ule mkono wa kushoto mpaka unauma. Ila shingoni pana pengo la pingili moja. Kichwa chake tunakishikilia kwa viganja viwili, kwa zamu. Mama yake analala amekaa. Siku mmoja wetu akipitiwa na usingizi, basi.

Iliyobaki ni namba kumi na saba. Niliifuatilia kwa simu mpaka wodi moja ya mbali. Muuguzi alinong'ona kwenye simu: "Baba, hiyo imewashwa. Ina mtoto. Nikiizima, huyu hapumui."

Nikamweleza mdogo wangu. Nilidhani atalia.

"Ana kilo ngapi?" akauliza, kama mtu aliye buchani.

Sikumgombeza.

Picha ya kumi na saba tumeibandika ukutani. Wiki iliyopita kivuli chake kilikuwa kama punje ya mchele. Leo ni kama ya mahindi. Kinakua, na hatujui kinakula nini.

Sasa wewe muuguzi uliyeninong'oneza, sikuombi. Mimi ni mtu wa kusema wazi, nakwambia wazi. Lehemu ile haimalizi mwezi mmoja. Itakatika yenyewe, na huyo wako atakwenda nayo, na pingili yetu itaungulia humo humo. Wa kwako hana muda kwa vyovyote. Wa kwetu anao.

Nyuma ya mashine kuna skrubu nne. Zima. Fungua. Namba kumi na saba ni yetu, iletwe.