Kofia ya Kucha

Vumbi la kucha halina uzito. Ndiyo maana Merike alishtuka alipouchomoa mfuko wa kifyonza vumbi chini ya meza yake, akaukuta mzito kama umejaa mchanga mbichi. Tena ulikuwa na joto, kama kitanda mtu alichoamka sasa hivi.

Hakuwa na muda wa kuushangaa. Aliutupa kwenye pipa, akavaa koti.

"Msalaba je?" Leili, mwenye saluni, alimuuliza.

"Kesho nitachora miwili."

"Merike!"

Lakini alishafika barabarani. Chekechea ilifungwa saa kumi na mbili jioni, na Hedi, bintiye wa miaka mitano, alikuwa wa mwisho kuchukuliwa kila siku ya Mungu.

Leili alilelewa na bibi yake shambani, nje kidogo ya mji wa Viljandi, na desturi ya huko aliileta saluni: vumbi la kucha halitupwi kabla hujachora msalaba juu yake kwa njiti ya kiberiti. Usipochora, Yule Mzee, yaani Shetani, huliokota ajitengenezee kofia, na akishaivaa hakuna jicho litakalomwona. Wateja walicheka. Leili alichora tu.

Tatizo la Merike lilikuwa mkono mzito. Kuondoa kucha za bandia za jeli kwa mashine ya kusugulia kulimchukua dakika arobaini na tano, Leili ishirini na tano. "Usisugue kama unapiga deki," Leili alimwambia mara mia. "Kichwa cha mashine chenye meno makali kwa matabaka ya juu, mkono ulale, kisha acha lile tabaka jembamba la mwisho. Ukigusa kucha yenyewe umemuumiza mtu." Merike alijua yote hayo. Aliogopa tu.

Siku iliyofuata alitumia dakika thelathini na tano. Kitu baridi kilikuwa kimelala juu ya kiganja chake, kikimsukuma taratibu, kama mwalimu anavyomshika mtoto mkono kumfundisha kuandika. Jioni alifika chekechea mapema, Hedi akamrukia. Msalaba hakuchora. Wala siku ya pili hakuchora.

Wiki ya tatu alishuka hadi dakika kumi na mbili.

"We Merike, umekuwa treni?" alitania Mama Urve, mteja wa miaka mingi. "Zamani nilikuwa namaliza kahawa mbili hapa. Leo hii moja haijapoa!"

Merike alicheka, macho yake kwenye mwanga wa taa ya meza. Katika mwanga ule alikuwa ameviona vidole. Vya kijivu, virefu, vimelala juu ya vyake, na hata kimoja hakikuwa na ukucha. Hakumwambia mtu. Kila siku vilififia kidogo, na kila siku alishukuru, akijiambia ni uchovu, unapungua.

Alhamisi moja ya Novemba, saa kumi jioni tu na giza la majira ya baridi limeshaingia nje, vidole havikuonekana kabisa. Baridi peke yake ndiyo iliyobaki. Mashine ilipita tabaka la kwanza la ukucha wa Mama Urve, ikapita la pili, ikafika lile jembamba la mwisho, na Merike akataka kuinua mkono lakini mkono haukuinuka, na harufu ya kwato zinazoungua ikapanda kutoka mezani.

"Unanichoma! Merike, unanichoma!"

Leili alikuja mbio akachomoa waya ukutani. Mashine iliendelea kuzunguka. Ilizunguka bila umeme mpaka Mama Urve alipojinasua, akatoka nje koti likiwa begani, ndipo ikanyamaza.

Leili akafunga mlango. Sauti yake ilishuka. "Tangu lini huchori?"

"Wiki tatu."

"Unamwona?"

"Nilikuwa naona vidole. Sasa sivioni. Nilidhani anaondoka."

"Mjinga wee. Haondoki. Kofia inakaribia kukamilika."

"Imebaki nini?"

"Ukingo. Bibi alisema ukingo hutaka kucha laini. Za mtoto."

Merike alikimbilia mlangoni. Leili akamshika kiuno. "Ukienda naye hivyo mkononi, unampeleka mwenyewe! Aliingia kwa haraka yako, atatolewa kwa upole wako. Kaa." Akaweka mikono yake mezani, kucha kumi za jeli nyekundu. "Chukua tupa ya kusugulia kwa mkono, siyo mashine. Zote kumi. Usiharakishe hata moja."

Merike alipiga simu chekechea kwanza. "Nitachelewa. Hedi usimpe mtu yeyote."

"Leo tena?" alisema mwalimu Anneli. "Tulidhani umepona."

Akaanza. Kidole cha kwanza kilimchukua dakika kumi, maana baridi ile ilimkaba kiwiko ikamsukuma, haraka, haraka, na yeye akairudisha tupa nyuma kila mara, akasugua upande mmoja tu, akapuliza, akasugua tena, jasho likimchuruzika mgongoni, na alipofika kidole cha nne sauti ya Hedi ikamjia sikioni, ndogo, yenye mafua, ikisema mama wote wameshaondoka, mama mwalimu amezima taa, mama niko peke yangu, na machozi yalimdondokea kwenye vumbi lakini mkono haukukimbia.

"Siyo yeye," Leili alinong'ona. "Sugua."

Saa kumi na mbili kamili baridi ikatoka. Ghafla. Mkono ukawa mwepesi, saluni ikatulia hata saa ya ukutani ikasikika.

"Ameondoka!"

"Sijakwambia uache."

Kwa dakika ishirini hapakuwa na kitu. Kisha taa ikayumba, na baridi ikarudi nzito maradufu, yenye hasira, ikamponda vidole juu ya ukucha wa mwisho, na Merike akiwa ameuma mdomo hadi damu aliusugua ule ukucha polepole, unywele kwa unywele, mpaka wekundu ukaisha na tabaka jembamba likabaki palepale linapotakiwa kubaki.

Kitu kikaanguka chini ya meza.

Ilikuwa kofia. Kucha juu ya kucha, zimepangwa kama magamba ya samaki, mbele haina ukingo. Leili alichora msalaba juu yake, akaisukumia kwa koleo kwenye jiko la kuni lililopasha saluni joto. Ilipiga kelele ilipoungua.

Merike alikimbia njia nzima. Mwalimu Anneli alikuwa mlangoni amevaa kofia na glavu.

"Dakika hamsini, Merike. Na ule mchezo wa saa kumi na mbili haukunichekesha. Kugonga, kuita kwa sauti yako, nafungua hamna mtu!"

Merike alipiga magoti, akamvua Hedi glavu. Akahesabu kucha. Kumi.

"Alinishika mkono," Hedi alisema. "Akasema mimi mama, twende haraka. Nikakataa."

"Ulijuaje siyo mimi?"

"Wewe ukifika hapa unahema. Yule hakuwa anapumua."