Siku ya Kisomo

Jumamosi ile soko la Kisarawe lilikuwa limefurika. Wauza muhogo walibanana na wauza machungwa, na katikati yao, juu ya kreti la soda, alisimama Yosefina Andrew akiwahesabu watu kwa kidole. Watu walikuwa wanakaribia mia mbili. Viti vilikuwa kumi na viwili.

Ilikuwa Februari 1974. Chama cha Wahitimu wa Chuo Kikuu, Tawi la Pwani, kilikuwa kimeleta mhadhara wa hadhara juu ya lishe ya watoto, na Yosefina, mwalimu wa sekondari huko Kibaha, ndiye aliyekuwa katibu wake. Alivaa gauni la kitenge cha manjano lililomkaa vizuri kiunoni, nywele kazisuka twende kilioni, na miguuni viatu vya raizoni vyenye soli nene ambavyo alikwisha kuvijutia tangu aliposhuka kwenye basi.

"Dada, shuka. Kreti hilo halikutengenezwa kubeba wasomi."

Aligeuka. Mwanamume mrefu, mikono ya shati kaikunja, penseli sikioni, alikuwa anasukuma mkokoteni uliojaa viti na mabenchi.

"Na wewe nani, unayejua wasomi wana uzito gani?"

"Lukasi, seremala. Nimesikia mnawafundisha watu kula mayai wakiwa wamesimama juani. Nikaona nisaidie, maana hata kuku hutaga akiwa amekaa."

Yosefina alicheka mpaka karatasi zikamtoka mkononi. Viti vilipokwisha kupangwa, alimpelekea stakabadhi. "Tia sahihi hapa, kwamba tumeazima viti ishirini na vinane."

Lukasi akainua mikono yote miwili. "Ina gundi, mwalimu. Nitakuchafulia. Andika wewe, nakuamini."

"Hunijui."

"Nimekuona ukivua kiatu kwa siri nyuma ya kreti. Mtu wa hivyo haibi viti."

Wakaanza hivyo. Kila Jumatano saa nne asubuhi, simu ya ofisi ya shule ilipokuwa huru, Yosefina alipiga posta ya Kisarawe. Mwanajuma, karani wa posta, alitoka mlangoni akapaza sauti hadi karakanani, ng'ambo ya barabara, "Fundi! Kibaha hiyo!" Na Lukasi aliweka randa chini, akavuka mbio, vumbi la mbao likimpukutika nyweleni.

"Umekula?" Yosefina aliuliza.

"Nimekula vumbi la mninga. Wewe, mpenzi?"

"Chai na maandazi mawili."

"Mawili tu? Ukikonda watasema nimeoa kijiti."

"Nani kakuambia utanioa?"

"Sema polepole. Mwanajuma ameacha kupiga mihuri, anasikiliza."

"Sisikilizi mimi!" Mwanajuma alipiga kelele, na watu wote waliokuwa kwenye foleni wakacheka.

Mwezi Juni Yosefina alimwandikia barua, ya kwanza, kurasa mbili. Mambo mengi humo yalikuwa ya mapenzi. Moja lilikuwa la kawaida: Jumamosi usije, nakwenda Morogoro kwa dada yangu. Jumamosi hiyo Lukasi alikuja Kibaha, shati limenyooshwa hadi linakata, akakaa kwenye benchi la mlinzi wa shule tangu saa nne mpaka saa kumi.

Yosefina alipoambiwa na mlinzi, alipanda basi hadi Kisarawe na hasira zake.

"Hukupata barua yangu?"

Lukasi akaitoa mfukoni mwa shati. Ilikuwa imefunguliwa na kukunjwa mara nyingi hata ikaanza kuachana kwenye mikunjo. "Niliipata. Ina siku tisa hapa."

"Sasa kwa nini ulikuja?"

Kabla ya kujibu alikwenda kufunga mlango wa karakana.

"Ningempa nani anisomee, Yose? Mwanajuma?"

Akamweleza. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la kwanza, na shule ikaishia hapo. Vipimo vya wateja alivifunga kwa mafundo kwenye kamba, kila mteja na kamba yake, na hakuwahi kukosea hata inchi. Kanisani kwao Maneromango alifungua kitabu cha nyimbo na kugeuza ukurasa jirani alipogeuza. Kabla ya kipaimara alikariri katekisimu nzima kwa kusikia tu, na mwalimu wake, Mzee Kasiani, akamsifu mbele ya wenzake kwamba ndiye msomaji bora.

"Hakuna anayejua," alisema. "Hata mama hajui. Nifundishe, Yose, lakini iwe siri yetu wawili. Nataka Jumapili moja nisimame Maneromango, nisome somo kama mtu yeyote anayesoma, niketi. Mama asijue kabisa kwamba palikuwa na siku nisingeweza."

"Naapa," Yosefina alisema, akamshika mikono. Safari hii kweli ilikuwa na gundi.

Miezi mitano iliyofuata walikutana kila Jumamosi karakanani, mlango umerudishwa, akajifunza kuandika juu ya ubao uliolainishwa. Alipokosea alifuta kwa randa. "Tazama," alimwambia Yosefina, "mimi ninayafuta makosa yangu mpaka harufu yake inabaki nzuri." Oktoba ilipofika alisoma gazeti polepole, kidole kikitangulia. Wakakubaliana kwamba baada ya Krismasi mshenga ataletwa Pangani ya Kibaha, kwa wazazi wa Yosefina. Na kabla ya hapo, Jumamosi ya kwanza ya Novemba, Lukasi aje kwenye shughuli ya chama, awe mgeni wake, wahitimu wenzake wamjue mchumba wake.

Shughuli yenyewe, ya elimu ya watu wazima, iliitwa Siku ya Kisomo. Ukumbi wa Kibaha ulipambwa kwa makuti na karatasi za rangi. Walikuja walimu, mabwana shamba na madaktari, wake kwa waume, wanaume na suruali zao za bugaluu zinafagia sakafu. Mbele kabisa waliketi walimu wastaafu waliokuwa wanapewa heshima, na mmoja wao alikuwa Mzee Kasiani. Lukasi alikaa mstari wa tatu ndani ya suti ya kaunda ya kijivu, mpya. Alipopita karibu naye, Yosefina alimnong'oneza, "Umependeza, bwana harusi."

"Nyamaza, nitatoka jasho suti ichuje," akajibu huku akitabasamu.

Saa tisa ilifika, msemaji aliyealikwa kutoka Chuo Kikuu, Mlimani, hakufika. Bwana Mwinyimadi, mwenyekiti, alirudi kutoka kwenye simu akipangusa miwani. "Gari lake limekufa Kimara. Katibu, tuna saa nzima tupu. Sema chochote."

Yosefina alisimama mbele ya watu mia na ushee bila neno kinywani. Akatazama mstari wa tatu. Akamwona Lukasi, shingo ndefu ndani ya kola mpya, na moyo wake ukajaa pomoni. Aliona miezi mitano yote kwa mara moja, herufi na makosa na vicheko, na akatamani kila mtu amwone mwanamume huyu kama alivyomwona yeye. Laiti angetazama kwanza mstari wa mbele! Laiti angekohoa tu, akaomba chai iletwe mapema! Kiapo hakikumjia akilini hata kidogo. Mtu akijaa fahari hasikii kitu kingine.

"Ndugu wahitimu," alisema, "mmekuja kusikia mhadhara juu ya kisomo. Mimi nitawaonyesha kisomo chenyewe. Yule pale ni ndugu Lukasi, seremala wa Kisarawe. Mwezi Juni hakujua a wala be. Leo anasoma gazeti. Njoo, Lukasi. Njoo waonyeshe."

Ukumbi mzima uligeuka. Lukasi alibaki amekaa kwa muda kama mtu anayesubiri kuona iwapo ameitwa mwingine mwenye jina lake. Kisha akainuka, akaja, akapokea gazeti. Akasoma sentensi nne juu ya mavuno ya korosho. Kwenye neno "uzalishaji" alikwama, na sauti za wema kutoka ukumbini zikamsaidia, "U-za-li…," kama watoto wa darasa la kwanza. Alipomaliza, watu walisimama wakapiga makofi. Mzee Kasiani alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

"Lukasi! Katekisimu nzima uliniimbia kama kasuku, na mimi nikakusifia kusoma! Kumbe!"

Ukumbi ukaangua kicheko, kicheko cha upendo kabisa. Yosefina naye akacheka. Baadaye, katika yote aliyoyafanya siku ile, ni kicheko hicho alichokijutia zaidi.

Ikaja chai, zikaja santuri, dansi likaanza. Yeye ndiye katibu. Ilimbidi kushukuru wageni, kumimina chai, kupongezwa na huyu na yule. Alipopata nafasi ya kutoka nje, mlinzi alimwambia, "Mgeni wako amepanda basi la saa kumi, mwalimu. Amesema uendelee na shughuli."

Hata hapo hakuelewa. Alidhani ni aibu ya siku moja, itapoa. Jumatano akapiga simu.

"Fundi anasema ana kazi," Mwanajuma alijibu.

Jumatano ya pili jibu likawa lile lile. Ya tatu, Mwanajuma alishusha sauti kwanza.

"Dada, mimi si wa kuingilia mambo ya watu. Lakini karakana imefungwa. Habari za ukumbini zilifika hapa, wakaanza kumwita fundi ngumbaru, mtu mzima asiyejua kusoma. Akacheka nao wiki ya kwanza. Wiki ya pili mteja mmoja akamwambia, 'Soma vipimo kwa sauti, nisikie kama umeelewa.' Kesho yake akafunga. Yuko kwao Maneromango."

Alasiri hiyo hiyo Bwana Mwinyimadi alimkuta katika chumba cha walimu, uso umemchangamka. "Katibu, pongezi zinamiminika. Yule mtu wako wa kisomo, wenzetu wa Bagamoyo wanamtaka mwezi ujao. Tutamzungusha mkoa mzima."

"Ana jina," Yosefina alisema.

"Naam, naam. Anaitwa nani vile?"

Yosefina alikusanya daftari zake akatoka. Mtu aliyemsifia mbele ya watu mia, watu mia hao hawakubaki hata na jina lake.

Jumapili alifika Maneromango juu ya lori la magunia, vumbi hadi kwenye kope, ibada imekwisha kuanza. Alikaa nyuma, upande wa wanawake. Alimwona Lukasi kule mbele karibu na mama yake. Wakati wa somo ulipofika, mzee wa kanisa alishuka akamnong'oneza Lukasi jambo na kumwelekeza Biblia. Lukasi akatikisa kichwa. Mzee akamsihi, waumini wawili watatu wakageuka na tabasamu za kumtia moyo, na Lukasi akatikisa kichwa tena, akitazama chini. Mzee akasoma mwenyewe.

Nje, Yosefina alipiga goti kumwamkia mama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mwalimu?" Mama alimshika mikono yote miwili. "Ahsante, mama. Ahsante kwa kumfumbua macho mwanangu. Mimi mwenyewe nimemzaa, nimeishi naye, sikujua kwamba alikuwa haoni." Akalia kidogo, akajipangusa kwa kanga.

Lukasi alisimama kando. Chakula kilipoliwa alimsindikiza hadi barabarani, mahali lori linaposimama.

"Nimekukosea, Lukasi. Niliapa, nikakiuka. Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Kabla basi halijafika Kiluvya nilikuwa nimekwisha kukusamehe."

"Basi turudi. Nitaacha ukatibu, nitaacha chama. Kama ni Kisarawe hutaki, tuhamie kwingine ambako hawatujui."

"Chama usikiache. Mnafanya mema. Watoto wangapi Kisarawe wanakula mayai leo?" Alicheka kidogo, na kicheko hicho kikamuumiza Yosefina kuliko karipio. "Sikiliza, Yose. Siku ile pale juu sikutazama watu. Nilikutazama wewe. Ulikuwa umependeza, unang'aa. Mimi ni seremala, najua mtu anavyokitazama kiti alichokimaliza sasa hivi, kimesimama vizuri, hakiyumbi. Ndivyo ulivyonitazama."

"Nilikutazama kwa mapenzi!"

"Najua. Hata mimi viti vyangu navipenda." Akasimama. "Lakini kiti hakimwoi seremala."

Yosefina alilia pale barabarani bila kujificha. Lukasi hakumkataza. Alimtolea leso, akamngojea, kama mtu anayemngojea mgonjwa apumue. Lori lilipokuja alimpandisha, akaomba wanawake wasogee wampe nafasi kwenye gunia laini, akamkumbusha dereva asipite korongoni kwa kasi. Kisha akarudi kwao. Yosefina alimtazama hadi vumbi likamziba.

Desemba wanachama walikutana Kibaha. Bwana Mwinyimadi aliomba muhtasari wa mkutano na shughuli zilizopita usomwe, na Yosefina, katibu, akausoma kwa sauti isiyo na rangi: msemaji hakufika, mwanakisomo mmoja alisoma mbele ya wageni, ukumbi ulifurahi sana.

"Kuna masahihisho?"

Yosefina aliinua mkono. "Pale palipoandikwa mwanakisomo mmoja, paandikwe Lukasi, seremala. Na hilo la kusoma mbele ya wageni, naomba lifutwe."

"Lifutwe? Halikutokea?"

"Lilitokea."

Mwenyekiti alivua miwani, akamtazama kwa upole wa mtu asiyejua anagusa nini. "Jina tutaliandika, katibu. Jina ni haki yake. Lakini muhtasari tunausahihisha, hatuufuti. Lililotokea limetokea."

Wakapiga kura, wote wakakubali jina liandikwe na mengine yabaki. Yosefina akaandika jina lile kwa wino juu ya mstari, herufi moja moja, polepole. Kisha mwenyekiti akasoma ajenda ya tatu, dansi la Krismasi, na yeye akafungua ukurasa mpya akaiandika.