Ngozi Isiyoguswa

Siku ya soko la Kashebere, Archange alisimama juu ya kreti tupu ya bia, amevaa suruali nyeupe katikati ya matope ya Walikale, mashariki ya Kongo, miwani ya jua chini ya mawingu, na viatu vyenye ncha ndefu kama mdomo wa korongo. Mkononi alishika pakiti bapa inayong'aa.

— Ba mama, ba papa! Muone ngozi ya bandia! Umeungua moto, umepata risasi, kidonda inakataa kufunga? Hii njo mwisho ya mateso!

Vita vilikuwa vimerudi Masisi, na vilirudi na vidonda. Na palipo na vidonda hakosekani mwenye duka. Papa Bienvenu, mjomba wake Archange, zamani aliuza maharagi na mabati. Siku alipogundua kwamba mtu huweza kungojea bati lakini hawezi kungojea mguu wake, aliagiza ngozi kutoka Kampala, akaipanga kwenye rafu kati ya sabuni na betri, akatundika rozari juu yake ili Mungu naye aonekane ni mshirika.

Mwanamke mmoja alipenya umati. Alivaa blauzi nyeupe ya uuguzi na kitenge cha buluu kilichochorwa majani ya ndizi, na alinukia sabuni mahali ambapo kila mtu alinukia samaki. Huyo alikuwa Kétsia, muuguzi wa kituo cha afya.

— Naweza ona?

— Dada muzuri namna hii? Si kuona tu. Gusa!

Archange akairarua pakiti kwa meno. Ndivyo soko lilivyomlea. Pale hakuna anayenunua kitenge bila kukisugua kati ya vidole, wala jibini ya Masisi bila kuonja kipande. Ngozi ikazunguka mikononi: mkono wa mawese, mkono wa samaki, mkono wa mtu aliyetoka kufunga mbuzi. Wote wakatikisa vichwa, ndiyo, ni laini.

Ilipomfikia Kétsia, hakuipokea.

— Umemaliza kuiua?

— Kuua nini, sheri?

— Mi si sheri yako, wala mupenzi. Hii kintu inalazwa juu ya nyama mbichi ya muntu. Pakiti ikifunguka sokoni, iko uchafu tu. Utengeneze nayo viatu. Ile yako iko karibu kufungua midomo.

Soko zima likacheka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni mwenye mkono wa mbuzi. Archange alishuka kwenye kreti, akaificha pakiti iliyoraruka mfukoni.

Kesho yake alikuwa mlangoni pa kituo cha afya, bila miwani.

— Nimekuja kujifunza, dada.

— Kunawa mikono kwanza. Si hivyo! Unapapasa maji kama paka. Mpaka hapa, kwenye kiwiko.

Akaja tena, na tena. Mapenzi hayana akili, lakini ya Archange angalau yalijua kunawa. Pikipiki yake nyekundu, fahari yake yote duniani, ikazoea kulala kivulini mwa kituo. Na simu zikaanza.

— Umeamka, muganga wangu?

— Niko na vidonda ya kufunga. Unataka nini?

— Sauti yako tu.

— Umeisikia. Kwaheri.

Lakini hakukata. Aliibana simu sikioni, akimsikiliza mjinga yule akipumua na kujipongeza.

Kisha Nyamitaba, kijiji cha kwao Kétsia, ikachomwa vitani. Mama Rosalie, mamake Kétsia, alirudi ndani ya moto kumtoa ndama. Ndama alipona. Mguu wa kushoto wa mama uliungua kutoka gotini kwenda chini, akabebwa kwa machela hadi hospitali ya Masisi, na Kétsia akamkimbilia huko. Daktari hakuzungushazungusha:

— Kidonda bado ni safi. Tukipata ngozi ya bandia, itafunika mpaka tupandikize ngozi yake mwenyewe. Tukikosa, uozo utaingia, na mimi nitaukata mguu.

Kétsia alipiga simu papo hapo.

— Archange, kwa mujomba wako imebakia ngozi?

— Moja tu.

— Usiifungue. Kwa muntu yeyote. Iko ya mama.

— Naapa, mupenzi. Nitakuletea miye mwenyewe.

Jioni hiyohiyo mapigano yakaifunga barabara ya Kashebere kwenda Masisi. Asubuhi simu ya Archange haikupatikana, na ya kesho yake pia. Kétsia akampigia Papa Bienvenu.

— Archange? Alienda Hombo na ile ngozi, binti yangu. Hombo kuko banunuzi ya zahabu, batu ya feza mingi, si unajua? Kijana anatafuta maisha!

Alisema ukweli nusu, kama alivyouza kila kitu. Nusu nyingine ilikuwa imeegeshwa nyuma ya duka: pikipiki nyekundu, ambayo mjomba aliidai kabla ya kuiachia pakiti ile. Na kwamba njia ya Masisi ikifungwa, aliye Kashebere hana budi kuzunguka kupitia Hombo, Bukavu, ziwa na Goma, hilo Kétsia angelifikiria siku nyingine yoyote. Siku hiyo alikuwa akipepea nzi juu ya mguu wa mamake.

Akamwachia Archange ujumbe wa sauti.

— Nasikia uko Hombo. Vizuri. Ulizoea kuuzia batu ngozi yenye imekufa, sasa umeuza mguu ya mama yangu. Weye uko sawa na viatu yako: inje inang'aa, ndani inanuka. Usinipigie tena.

Msituni hakuna mtandao. Archange aliusikia ujumbe huo alipofika Bukavu, akausikiliza mara mbili, akapiga. Kule Masisi, Kétsia aliliona jina, akailaza simu kifudifudi.

Asubuhi ambayo daktari aliagiza vyombo vya kukatia vichemshwe, mtu aliyepakwa matope hadi masikioni aliingia uani mwa hospitali. Alikuwa peku. Alikumbatia kifuani kifurushi cha nailoni.

Wa kwanza kumpokea alikuwa Emérita, shangazi yake Kétsia. Mama huyu alisifika Nyamitaba nzima kwa vidole vyake. Hakuna kitenge cha bandia kilichowahi kuvipita. Akakifungua kifurushi, akaiona pakiti inang'aa kupita kiasi.

— Njo hii? Lete nipime. Siku hizi banauza bintu ya uongo.

Akaipeleka kwenye meno.

— Shangazi, usiguse!

Ua mzima ukamgeukia Archange. Mchumba anayemfokea shangazi wa msichana amejifungia mlango mwenyewe, na hata kuku wa Masisi wanalijua hilo.

— Huyu anayenipigia makelele njo nani? Emérita aliuliza.

Kétsia alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama pakiti ambayo haikuraruliwa. Alitazama miguu iliyopasuka.

— Viatu yako iko wapi?

— Ilifungua midomo kule Hombo.

— Na pikipiki?

— Iko kwa mujomba. Ilibadilishana na hii.

— Mbona haukusema?

— Haukuchukua telefone.

Kétsia akafunika uso kwa kitenge, akicheka na kulia kwa pamoja.

— Shangazi, huyu njo bwana yangu. Kama angali ananitaka.

— Peleka kwanza kwa daktari, Archange alisema, akiichukua pakiti mkononi mwa Emérita na kumpa Kétsia. Mambo ya kutakana itangoja.

Siku ya kujitambulisha ukweni, Mama Rosalie alikaa kitini miguu yote miwili ikigusa ardhi. Papa Bienvenu alikuja na pikipiki nyekundu na kofia mpya, akamwambia kila aliyemkaribia kwamba kama si duka lake, mguu ule ungezikwa. Walimpa kiti karibu na mbuzi.

Emérita alipitisha vitenge vya mahari vidoleni, kimoja kimoja, akakubali kwa kuguna. Kisha macho yake yakatua kwenye mguu wa Rosalie, pale ngozi yake mwenyewe iliyopandikizwa ilipoota, nyororo na ya waridi.

— Sasa naweza gusa?

Rosalie akavuta kitenge hadi gotini.

— Unawe kwanza, shangazi, alisema Archange. Mpaka kwenye kiwiko.

Emérita alimkodolea macho mkwe huyu asiye na adabu. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake ya sherehe, akaenda kutafuta sabuni.