Pete Iliyopewa Jina la Mama

Kifurushi kilifika Jumatano saa nne asubuhi, na kilikuwa cha moto. Si moto wa jua, maana Nairobi ilikuwa na manyunyu tangu alfajiri na mwenye pikipiki aliyekileta alikuwa ameloa hadi soksi. Bedan alikipokea kwenye lango la kiwanda cha sabuni anakofanya kazi Industrial Area, akakitia mfukoni, akahisi paja likimchoma kana kwamba amebeba mandazi yaliyotoka kwenye mafuta sasa hivi. Akacheka peke yake. Mtu anayejiandaa kuoa hucheka ovyo.

Ndani mlikuwa na pete ya dhahabu yenye jiwe moja la almasi. Tangazo la mtandaoni lilikuwa limesema: almasi halisi, imevaliwa mara moja, mwenyewe anahama nchi. Bei ilikuwa nusu ya aliyotajiwa na sonara. Bedan alipojaribu kumwandikia muuzaji kumshukuru, alikuta ukurasa wake umefutwa. Hilo nalo hakulijali.

Sonara mwenyewe aliitwa Gedi. Duka lake dogo liko Mbotela, hatua chache kutoka Jogoo Road, na hakuna aliyewahi kumwona akiharakisha kitu. Alikuwa amepima kidole cha Mirriam, mchumba wa Bedan, akaandika kipimo kwenye daftari lake, kisha akasema, “Almasi ikifika nitakuonyesha kwanza kwa lensi, uione na macho yako, ujue imetoka kwa nani. Ngoja.” Bedan alingoja mwezi, akangoja wa pili, akachoka. Mirriam alikuwa na mimba ya miezi mitano na Jumamosi hiyo walitakiwa kwa wazazi wake. Haraka haraka haina baraka, lakini mwambie hayo mwanamume ambaye mkwe ameshamwekea kiti.

Jioni Mirriam alijaribu pete. Ilikwama kwenye kifundo.

“Bedan, hii kitu inanuka,” alisema, akiisogeza mbali na pua.

“Inanuka nini?”

“Sijui. Kama dawa ya nguo. Ama ya hospitali.”

Bedan hakusikia harufu yoyote. Miaka minane ya kuchanganya manukato ya sabuni ilikuwa imeiua pua yake. Hata chapati ikiungua ilibidi aambiwe. Akamwambia ni mimba inamsumbua.

Pete ilihitaji kupanuliwa, na sonara aliyekuwa karibu na ambaye angeimaliza kabla ya Jumamosi alikuwa Gedi yule yule. Bedan si mwongo wa tabia. Ni mwongo wa aibu, na huo ndio uongo mbaya zaidi, kwa sababu anayeusema hujiona ni mtu mzuri.

“Niaje, mzee Gedi. Nimekuja na ka-kazi kadogo.”

Gedi aliichukua pete, akainusa kabla hata ya kuitazama. Uso wake ukabadilika.

“Hii ina kafuri,” alisema taratibu. “Unajua kafuri? Sisi Waislamu tunaitia kwa maji ya kuoshea maiti. Umetoa wapi?”

Bedan alitazama daftari lililokuwa wazi mezani, lenye jina lake na kipimo cha Mirriam. Angewezaje kusema kwamba ameinunua kwenye simu wakati mzee huyu anamhangaikia jiwe?

“Ilikuwa ya marehemu mama. Ilikuwa kwa sanduku, na dawa ya nondo. Labda ndiyo hiyo unaskia.”

“Mama yako mzazi?”

“Eeh.”

Gedi akaamini. Sasa, Gedi ana desturi yake aliyoirithi kwa baba yake, na wateja wake wote wanaijua: haitii motoni pete iliyowahi kuvaliwa kabla ya kutaja jina la aliyeivaa, mara tatu, na kumwomba ruhusa. Wengine humcheka. Yeye husema dhahabu iliyokaa mwilini mwa mtu haiguswi kama msumari.

“Mama aliitwa nani?”

“Warigia.”

“Warigia,” Gedi aliita, akiwasha moto wake mdogo wa gesi. “Warigia, tunaomba ruhusa. Warigia.”

Mara ya tatu mwali ulijikunja ukaelekea kwenye pete bila kuelekezwa, na pete ikagonga chuma ilipolazwa: ti, ti, ti. Gedi aliondoa mkono haraka. Alimtazama Bedan kwa muda mrefu, lakini Bedan alikuwa anatazama barabarani.

Kwa wazazi wa Mirriam mambo yalikwenda vizuri. Mama mkwe, Kavindu, aliushika mkono wa bintiye akalisifu jiwe. Ni yeye tu aliyesema, kwa utani, kwamba mkono una baridi kama umetoka kuosha vyombo.

Wiki iliyofuata Mirriam alianza kuuliza maswali.

“Mama yako alikuwa anakunywa chai aje?” aliuliza wakiwa mezani, akiizungusha pete kidoleni.

Bedan alifurahi. Mirriam hakuwahi kumwona mama yake, na tangu afe, miaka minne sasa, hakuna aliyekuwa akimuuliza habari zake. Akasema mama alipenda chai ya rangi yenye tangawizi nyingi, na alikuwa akiivuta kwa sauti mpaka baba anakasirika. Kesho yake Mirriam, ambaye tangu azaliwe hunywa chai ya maziwa, alitengeneza ya rangi. Akaivuta kwa sauti.

“Wewe! Umeniweza,” Bedan alicheka, na macho yakamlengalenga. Alikuwa akimkumbuka sana mama yake, hilo lisemwe wazi. Alimkumbuka kiasi kwamba kila swali lilikuwa kama zawadi, naye akajibu yote: wimbo aliouimba akifua, jinsi alivyokuwa akimwita “Beda wangu” na kumfinya sikio, mguu wake wa kushoto uliomuuma wakati wa mvua. Kila alichokisema jioni alikiona asubuhi. Mirriam akafua akiimba. Mirriam akamfinya sikio. Mvua iliponyesha, Mirriam akachechemea mguu wa kushoto kutoka chumbani hadi jikoni, huku pete ikigonga ukutani njia nzima, ti, ti, ti, na hapo ndipo kwa mara ya kwanza Bedan aliacha kucheka.

Mirriam ni msusi, ana saluni ya viti viwili hapo hapo Mbotela. Wateja walikuwa watu wa kwanza kukimbia. Mmoja alimvizia Bedan njiani akitoka zamu ya asubuhi kazini, akamvuta pembeni.

“Bedan, bibi yako ako sawa? Mkono wake ukinigusa kichwa nasikia kama barafu. Na ile saluni inanuka mochari, samahani nikisema. Halafu jana nilimwita Mirriam, hakugeuka. Nikamwita mara tatu. Akaniambia, ‘Huyo ametoka.’”

Bedan alimwambia ni uchovu wa mimba. Aliondoka akitembea polepole, kisha haraka, kisha mbio.

Ilikuwa Jumapili, saa tisa ya mchana, watoto wanacheza mpira nje na redio ya jirani inahubiri kwa sauti ya juu, saa ambayo mtu hategemei kuogopa chochote, na bado Bedan alipofungua mlango na kumwona Mirriam ameketi sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, mkono wa kulia ukiizungusha pete ya mkono wa kushoto, ukiizungusha bila kupumzika mpaka ngozi imechubuka na damu imekauka juu ya dhahabu, na midomo yake ikitembea kama ya mtu anayekariri somo, chai ya rangi, tangawizi, mguu wa kushoto, Beda wangu, chai ya rangi, tangawizi, alishika fremu ya mlango kwa mikono miwili.

Mirriam aliinua macho. Kwa nukta chache yalikuwa macho yake mwenyewe.

“Bedan,” alinong’ona. “Mimi naitwa nani?”

“Mirriam.”

“Sema tena. Sema haraka.”

“Mirriam. Mirriam. Mirriam.”

“Inanisukuma,” alisema, machozi yakimtoka. “Nakaa kwa kona. Inaniambia nitoke nimwachie nafasi mama mwenye nyumba. Na mtoto, Bedan. Inamgusa mtoto.” Kisha shingo ikalegea, na alipoinua kichwa tena alitabasamu, akavuta pumzi kama anayevuta chai, akauliza kwa upole, “Beda wangu, mbona hunisalimii?”

Alimbeba. Watu walidhani ni uchungu wa uzazi, wakampisha njia. Duka la Gedi lilikuwa wazi, na mzee alipoinusa hewa iliyoingia nao alifunga mlango bila kuuliza.

“Sasa uniambie ukweli,” alisema. “Hii pete ulitoa wapi?”

Bedan alisema yote: simu, nusu bei, ukurasa uliofutwa. Gedi hakumtukana, ingawa afadhali angemtukana.

“Bedan, Bedan. Mtu aliivua kwa maiti. Na kitu cha kuvuliwa maiti kinafuatwa. Lilikuwa jini tu, halina jina, halina kwao, lingezungukazunguka mlangoni hivyo hivyo mpaka lichoke. Wewe umelipatia jina. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaliita mara tatu, nikaliomba ruhusa, kama mwenyewe.” Alijipangusa uso. “Nitawasha moto. Lakini jina ni wewe umelipatia. Ni wewe utalinyang’anya. Umwambie machoni: wewe si Warigia, sikujui, toka.”

Gedi alianza kusoma dua kwa sauti ya chini. Bedan alipiga magoti mbele ya Mirriam, na uliotoka kinywani mwa Mirriam ulikuwa wimbo wa kufulia, kwa sauti ya mama yake hasa, pamoja na ile pumzi fupi ya katikati.

“Utanifukuza, Beda wangu? Mara ya pili unizike?”

Alishindwa. Ni nani awezaye kumwambia mama yake simjui? Alilia kama mtoto, na katika kulia alijishika mkono wa kulia, pale penye kovu la zamani karibu na kiwiko, akakumbuka kitu ambacho hakuwahi kumwambia Mirriam wala mtu mwingine.

“Mama,” alisema. “Ile siku niliungua mkono. Ulinifanyia nini?”

Wimbo ukakatika. Macho yale yalimtazama, yakatazama kovu, yakamrudia.

“Niambie,” kile kitu kilisema.

“Unajua.”

“Niambie tu. Ukiniambia nitakumbuka.” Na sauti sasa haikuwa ya mama, ilikuwa kavu, yenye njaa. “Niambie. Niambie. Niambie.”

“Wewe si Warigia!” Bedan alipiga kelele. “Sikujui! Toka!”

Gedi aliivuta pete kwa koleo, nayo ikatoka pamoja na ngozi. Mirriam alipiga ukelele wake mwenyewe, wa mwanamke mchanga aliyeumia, na Bedan hajawahi kusikia kitu kitamu kama hicho. Pete ikaingia katika kikombe cha kuyeyushia. Ikagonga kingo, ti, ti, ti, mpaka dhahabu ikawa maji.

Moto ulipozimwa, dhahabu ilikuwepo. Almasi haikuwepo. Walipapasa sakafu yote, wakafagia, wakachekecha vumbi. Gedi aliweka ufagio chini.

“Limeondoka na jiwe lake,” alisema hatimaye. “Liko nje, halina jina tena. Sikia vizuri. Nyinyi mnampa mtoto wa kwanza wa kike jina la mama ya baba, sivyo?”

“Ndiyo desturi yetu.”

“Huyu akiwa msichana, msimwite Warigia. Limeshalijua hilo jina, litaingia bila kubisha hodi. Mwambie baba yako leo. Mwambie kwa nini. Majuto ni mjukuu, Bedan.”

Bedan aliapa. Na jioni hiyo alimpigia baba yake, mzee Mbugua, ambaye anaishi mashambani Kangema peke yake tangu afiwe. Mzee alimtangulia kusema.

“Nimeota ni msichana,” alisema, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Bedan hakuwa ameisikia kwa miaka minne. “Bibi yangu anarudi.”

Bedan alitazama ukuta. Angeanzia wapi? Kwenye kusema kwamba alilitumia jina la mama kuficha pete ya mtandaoni?

“Tutaongea ukija, baba,” alisema.

Hakuongea mwezi huo, wala uliofuata. Mirriam alipona, akarudi kwenye chai ya maziwa, wateja wakarudi. Kila wiki Bedan alisema wiki ijayo. Kisha uchungu ukamshika Mirriam majuma matatu kabla ya siku yake, Bedan akiwa zamu ya kiwandani, simu imefungiwa kwenye kabati. Alipoiwasha saa kumi jioni alikuta ujumbe: ni msichana, wote wazima. Na mwingine, wa baba: Mirriam alinipigia, nimepanda gari la asubuhi, nimeshafika.

Alikimbia hospitalini.

Mirriam alikuwa amelala fofofo. Kando ya dirisha mzee Mbugua ameketi na mtoto mapajani, kofia iko gotini, uso umemeremeta. Wauguzi walikuwa wakifungua madirisha, wakiulizana ni nani aliyemwaga dawa ya nguo wodini. Bedan hakusikia harufu yoyote.

“Baba, bado hujamwita jina?”

“Nisimwite mke wangu jina?” Mzee alicheka. “Nilimwita mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu akafungua macho, akanitazama kama mtu mzima. Tangu saa sita hajalala, anataka hadithi tu. Nikinyamaza analia, nikiongea ananyamaza. Njoo uone vile anasikiliza.”

Bedan alisogea. Mtoto alikuwa macho. Vidole vya mkono wake wa kulia, vidogo kama njugu, vilikuwa vimeshika kidole cha pete cha mkono wa kushoto, vikikizungusha polepole.

“Umemwambia nini, baba?”

“Yote,” mzee alisema. “Maisha yetu yote. Hata ile siku uliungua mkono, na vile mama yako alikufanyia.”