Neno Dogo Nyuma ya Kitenzi

Ilva Ozola alifika mbele ya foleni ya jibini akiwa amelowa chapachapa. Koti lake la njano lilichuruzika maji, nywele zake za rangi ya ngano zilikuwa zimemganda mashavuni, na nyuma yake akina mama wa Newcastle walishaanza kuguna. Siku ya Jumamosi, soko la Grainger halina subira na mtu.

Ombi lake alikuwa amelipanga tangu mlangoni. Akanyoosha kidole kwenye pande la jibini lenye mishipa ya bluu, akasema kwa kujikaza: "Cut me off, please."

Alidhani amesema nikatie kipande. Kumbe alikuwa amesema nikate kabisa, tusijuane tena.

Muuzaji, mwanamume mrefu mwenye ndevu nyekundu na aproni ya mistari, akaweka kisu chini. "Mbona mapema hivyo, kipenzi? Hata jina lako sijalijua."

Foleni nzima ikacheka. Ilva akaiva uso mpaka shingoni, lakini hakuondoka. Aliuliza kosa liko wapi, akasimama palepale mpaka akaelezwa. Ned Hedley, maana ndilo jina la yule muuzaji, alimfungia jibini kwenye karatasi, na watu walipopungua akamwomba namba ya simu. Kipenzi ni jina la kila mtu mjini kule, hata dereva wa basi hukuita hivyo. Ilva alichelewa kutambua kwamba Ned akimwita yeye, sauti hubadilika.

Kwao Liepāja, Latvia, Ilva alikuwa muuguzi kamili. Newcastle alikuwa akiwaogesha na kuwalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kwa sababu bila kufaulu mtihani wa Kiingereza hakuna hospitali ambayo ingemkabidhi mgonjwa. Alikuwa ameanguka mara moja, na kilichomwangusha ni vile vitenzi vyenye mkia. Unachukua kitenzi ulichokijua tangu utotoni, look, yaani tazama. Ukikibandika after, unamtunza mtu. Ukikibandika down on, unamdharau. Kitenzi ni kilekile, kinachogeuka ni yale maneno madogo ya nyuma.

"Nani aliwatungia lugha hii?" alimwuliza Ned Jumapili moja, wakitembea kwenye mchanga wa pwani ya Tynemouth, upepo ukimpiga skafu usoni.

"Hatujamkamata bado."

"Mkimkamata mniite."

Ned alimfundisha kwa vitu vilivyokuwapo. Walikula samaki na chipsi zenye siki wakabishana kuhusu up na out. Walikosa treni kwa sababu ya on. Kufikia majira ya kuchipua, Ned alikuwa amemwomba ahamie kwake, nyumba ndogo ya matofali huko Heaton, na Ilva alikuwa ameahidi kumjibu.

Asubuhi moja kabla hajajibu, kaka yake alimpigia kutoka Liepāja. Baba yao ameanguka jikoni, upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Ilva alitupa nguo kwenye begi. Alimpigia Ned mara nyingi, lakini Ned alikuwa vilimani kwa wafugaji, akinunua jibini mahali ambapo simu hazishiki. Kwenye uwanja wa ndege, abiria wakiwa wanaitwa, aliandika ujumbe. Alikumbuka kwamba Ned alimfundisha go off, yaani kuondoka. Akaandika: "Sorry. I've gone off you. Will explain." Kwake yeye, maana yake ilikuwa: samahani, nimeondoka nikakuacha, nitaeleza.

Jibu lilimkuta Riga, mji mkuu wa kwao. Ned aliandika kwamba ameelewa, hana haja ya maelezo, na anamtakia kila la heri.

Ilva alilisoma akiwa kwenye basi la Liepāja, akalirudia. Hakuulizwa kuna nini, wala yuko wapi. Kando ya kitanda cha baba, akimfundisha upya kushika kijiko, alijiambia kwamba huyo mtu hakuwa wake. Hakuandika tena.

Baba yake alipoanza kutembea kwa mkongojo, alimfukuza. "Nenda ukafanye mtihani wako. Mimi sifi kwa ajili ya kukuridhisha."

Alirudi kazini Newcastle akiwa amekonda. Shona, mwenzake wa zamu, alimwuliza habari za yule wa jibini. Ilva akamwonyesha simu kama mtu anayeonyesha kidonda. Shona alisoma, akaweka kikombe cha chai mezani.

"Ilva, wewe ndiye uliyemwacha. Hapa umemwambia umemchoka, humtaki tena."

"Nimemwambia nimeondoka."

"Ungeishia kwenye off, ungekuwa umeondoka. Ulipomweka yeye nyuma ya off, umemchoka."

Aibu ilimjia Ilva kwanza. Hasira ilifuata, nayo ndiyo iliyomwinua. Zamu ilipokwisha hakubadilisha hata sare yake ya zambarau. Aliingia kwenye metro, akashuka kituo cha Monument, akaingia sokoni, akapanga foleni kama wengine.

Ned alipomwona, kisu kilisimama katikati ya jibini. Alikuwa amenyoa ndevu, na uso wake ulionekana mdogo.

"Baba yangu alipooza," Ilva alisema. "Nilitaka kukuambia nimeondoka. Nilikosea neno. Sijakuchoka hata siku moja."

Ned alishika ukingo wa meza. Mama mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake asogee asikie vizuri.

"Ilva, mimi nilidhani..."

"Sijamaliza. Mimi nilikosea neno moja, tena la lugha isiyo yangu. Wewe unakijua Kiingereza tangu tumboni, na unajua jinsi ninavyokivunja. Kwa nini hukuniuliza?"

Ned alichomoa kisu kwenye jibini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba aliyekuwa mke wake alimwacha kwa ujumbe wa simu. Alipoona ule wa Ilva, aliona ni kitu anachokijua.

"Mimi si yeye."

"Najua."

"Basi ukiogopa, uliza. Kosa la neno nitalirudia kesho na keshokutwa. Ukinyamaza kila nikikosea, hatufiki popote."

Ned akavua aproni, akazunguka meza, akaacha foleni ikimngoja. Alimwuliza baba anaendeleaje. Alimwuliza kama amekula. Akauliza, akilowa macho mbele za watu, kama bado ana nafasi.

Ilva alitoa simu akampigia baba yake, akaiweka kwenye spika wote wasikie. Mzee aliitika kutoka Liepāja kwa sauti nzito. Ned aliinama, akajitambulisha kwa Kiingereza cha polepole, akampa pole, akamwambia kwamba yeye, Ned, anamhitaji binti yake. Mzee hakuelewa hata neno moja. Akauliza kwa Kilatvia ni nani huyo anayepiga kelele.

Ilva akamjibu kwa maneno machache. Upande wa pili mzee akacheka mpaka akakohoa.

"Umemwambia nini?" Ned aliuliza.

"Nimemwambia ni mkwe wake," Ilva alisema. "Anataka kujua harusi ni lini."