Pumzi Moja, Mikono Minne

Mwaka 2015, mwezi wa tano, bandari ya Kigoma haikuwa na pa kuweka mguu. Meli ilitoka Kagunga, kijiji cha mpakani, imesheheni Warundi waliokimbia kwao, na kila aliyeshuka alishuka na godoro, mtoto au homa. Katikati ya msongamano huo Hamdani, fundi wa injini za boti kutoka Ujiji, alikuja kinyumenyume akiburuta injini, akamkanyaga mtu.

"Samahani, dada."

"Unanikanyaga kwa mguu, unaniomba samahani kwa mgongo?"

Hamdani akageuka. Mbele yake alisimama muuguzi mwenye kizibao cha rangi ya chungwa juu ya gauni jeupe, mtandio wa kijani umefungwa nyuma ya shingo, na vishimo viwili mashavuni ambavyo hata hasira haikuvifukia. Jina lake Kudra, mtoto wa Kondoa, ameletwa kwa miezi miwili kusaidia dharura. Hamdani, anayejulikana Ujiji nzima kwa mdomo wake, siku hiyo mdomo ulimsaliti. Akainama kuinua injini yake.

"Mikono unayo," Kudra akasema. "Kesho tunafundisha watu wa kujitolea kuokoa walioishiwa pumzi. Njoo, labda utaacha kukanyaga watu."

Alikwenda. Na wewe ungekwenda, usijifanye.

Kudra alilaza mwanasesere mkubwa wa plastiki sakafuni, akaonyesha: kichwa kinarudi nyuma, kidevu kinainuliwa, njia ya hewa inafunguka. Maski inabana pua na mdomo. Mfuko wa kupumulishia unabonywa taratibu mpaka kifua kiinuke, kisha unaachiwa. Pumzi moja kila sekunde tano au sita, basi.

Zamu ya Hamdani ilipofika, aliuminya ule mfuko harakaharaka, kwa nguvu zake zote. Kudra akashika kiuno akicheka.

"Hapo unavuta petroli, kaka."

"Mazoea. Kile kipira cha petroli ukikibonya kwa huruma, injini haiwaki."

"Huyu si boti, haendi Kalemie ng'ambo ya ziwa. Taratibu."

Jioni hiyo simu zikaanza, na baada ya wiki chache zilikuwa hivi:

"Umekula, Kudra?"

"Nimekula ule mgebuka, samaki aliyenitumia mama yako. Mwambie mkono wake una baraka."

"Anauliza, huko Kondoa mnakula nini?"

"Ulezi na asali. Ndiyo maana tu watamu."

"Hilo nitaliulizia vizuri."

"Uliza kwa adabu, mpenzi."

Neno hilo la mwisho lilimkosesha Hamdani usingizi, na tusidanganyane, hata aliyelisema hakulala.

Wiki ya saba, mzee mmoja alishushwa melini hapumui. Kudra alikuwa amemshika mama aliyekuwa akivuja damu, akampa Hamdani, aliyekuwa zamu ya kujitolea, mfuko wa kupumulishia. Hamdani alianza vizuri. Kisha hofu ikamwingia, mikono ikarudia ufundi wake: ikaminya mbio, kwa nguvu, kama inavyominya kipira cha petroli mpaka kiwe kigumu. Hewa ikaenda tumboni. Tumbo la mzee likavimba, akatapika, koo likataka kuziba. Kudra alimkabidhi yule mama kwa mwenzake, akaruka, akamgeuza mzee ubavu, akamsafisha kinywa, akaushika mfuko mwenyewe. Mzee akarudi duniani.

Ndipo Kudra akasema, mbele ya wapagazi, askari na nusu ya Ujiji: "Toka hapa. Utaua mtu. Rudi kwenye injini zako."

Hamdani aliondoka. Kudra akapiga simu usiku ule, na kesho yake, na keshokutwa. Imezimwa. Siku zikapita, miezi miwili ikaisha, ikabaki treni ya kesho jioni. Moyo ukimuuma, akampigia Bi Mwanaima, mama yake Hamdani.

"Shikamoo, mama. Hamdani yupo?"

"Marahaba, mwanangu. Yupo ufukwe wa Kibirizi anagombana na injini. Hali chakula, hasemi. Mfuate huko huko. Ukisubiri apokee simu utazeeka."

Kudra akafika Kibirizi alasiri, begi la kazi lenye maski na mfuko begani, maana alikuwa bado hajalirudisha ofisini. Dagaa walianikwa kila mahali. Hamdani alimwona, akaendelea kukaza nati.

"Nimekuja kuaga."

"Safari njema."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Ulisema nitaua mtu. Ulisema kweli."

Kabla Kudra hajajibu, watu wakapiga kelele majini. Dismasi, mpagazi mwenye ndevu za kufika kifuani, ameteleza na gunia kwenye ubao wa boti na kuzama. Walipomtoa hakuwa anapumua. Kudra akamgusa shingo: mapigo yapo. Akabana maski kwa mkono mmoja, akaminya mfuko kwa mwingine. Hewa ikavujia kwenye ndevu. Akarudia. Kifua hakikuinuka.

"Hamdani, njoo ubonye."

"Mimi?"

"Maski hii inataka mikono miwili, na mimi sina wa tatu."

"Nikimharibu?"

"Tazama kifua chake, usitazame watu. Kikiinuka, achia."

Akapiga magoti. Kudra akaibana maski kwa mikono yote miwili. Hamdani akabonya taratibu. Kifua kikainuka. Akaachia, akahesabu hadi tano, akabonya tena. Wanawake wa dagaa waliacha kazi. Pumzi ya ishirini na kitu, Dismasi akakohoa, wakamlaza ubavu, akatapika maji na kuuliza gunia lake liko wapi. Wakampakia kwenye bajaji kwenda hospitali, ambako muuguzi mwenzake Kudra angempokea.

Watu wakataka kutawanyika. Kudra akasimama.

"Naomba mnisikilize. Huyu nilimfukuza bandarini mbele za watu, kwa hiyo mbele za watu nasema: kosa lilikuwa langu pia. Nilimwachia peke yake kazi ya watu wawili. Hamdani, nisamehe."

Hamdani akajifuta grisi mikononi. Mama mmoja mwenye ungo akasema, "Jibu basi, jua linatuchoma."

"Nimekusamehe," Hamdani akasema, macho yamelowa. "Na mimi nisamehe. Nimezima simu siku kumi na moja."

"Kumi na mbili."

"Kudra, kesho mama yangu anapanda treni na wewe. Anakwenda kwa wazee wako kupeleka posa. Amefunga mizigo tangu juzi, alikuwa ananisubiri mimi nipate akili."

Kudra akajifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika, akilia na kucheka. Watu wa Kibirizi wakasubiri. Hamdani akasubiri zaidi yao wote.

"Mwambie abebe sweta," sauti ikatoka ndani ya mtandio. "Kondoa mwezi wa saba kuna baridi."